Maswali ya Wasomaji: Hoteli Kongwe za Mawe

Barua nyingi za toleo hili zinahusu majengo ya mawe ya pwani yaliyowahi kuwa hoteli za fahari, yakafungwa au yakachakaa, na sasa wenyewe wanataka kuyarudisha katika hali yake. Tumezijibu kwa pamoja kwa sababu maradhi ya majengo haya yanafanana. Walioandika juu ya jambo moja tumewaunganisha.

Ndugu wahariri, assalamu alaykum. Jengo letu la ghorofa mbili liko Shangani, Unguja. Wazee wanasema lilijengwa liwe hoteli, enzi za meli za mwanzo za abiria. Mhandisi anasema halikujengwa kwa kazi hiyo hata kidogo. Tumwamini nani? (Msomaji, Mji Mkongwe)

Wa alaykum salaam. Wazee wanakumbuka hoteli, mhandisi anaona nyumba, na huenda kila mmoja ana haki yake. Hoteli kadhaa mashuhuri za Unguja zilianza kwa kazi nyingine. Africa House ilianza kama klabu ya Waingereza mwaka 1888. Hoteli ya Serena, hapo hapo Shangani, imo ndani ya majengo ambayo kubwa lake lilikuwa la kampuni ya simu za waya. Waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, na meli za barua za kampuni ya British India zikaanza safari za Aden na Zanzibar mwaka 1872. Wageni walipoongezeka, majumba ya karibu na bandari hayakukosa wapangaji.

Jengo lenyewe litawajibu. Pimeni upana wa kila chumba. Chumba chenye upana wa mita 3 hivi, kuta nene za sentimita 50 au 60 na dari ya boriti za mikoko ni nyumba ya asili, kwa kuwa urefu wa boriti ndio uliokuwa unaamua upana wa chumba. Ukumbi wa mita 5 au 6 usio na nguzo katikati umebebwa na chuma, zege au mbao kubwa zilizoagizwa, na mara nyingi ni nyongeza. Kisha bandueni lipu kidogo, sentimita 20 kwa 20, pale kuta mbili zinapokutana. Mawe yakiwa yamefumana, kuta hizo zilijengwa pamoja. Mkikuta mstari ulionyooka wa kutoka juu hadi chini, mmoja umekuja baadaye ukaegemea mwenzake.

Mihimili ya chuma nayo isomwe. Safisheni ubavu wake kwa brashi ya waya. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vikichapa jina lao juu ya chuma. Mkikuta Dorman Long, kwa mfano, kampuni hiyo ilianza mwaka 1875, kwa hiyo sehemu hiyo haiwezi kuwa ya kabla yake. Baada ya hapo ndipo muende Nyaraka za Taifa pale Kilimani mkiwa na maswali mahususi. Gazeti la serikali la Zanzibar lilianza kuchapishwa mwaka 1892, na matangazo yake ya biashara ni hazina. Tafuteni pia picha za studio za A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, zilizopiga sana mitaa na ufuo wa mji: hesabuni madirisha na roshani kwenye picha, mlinganishe na zilizopo leo.

Matokeo yote yaingizwe kwenye ramani ya kipimo cha 1:50, kila kipindi na rangi yake. Ramani hiyo haitaishia kuwa ya historia tu. Itawaonyesha uzito umeongezwa wapi na maji yameingizwa wapi, na majengo haya huuawa na vitu hivyo viwili.

Kuta za ukumbi wa chini zinatoa chumvi hadi kimo cha mita moja na nusu. Tumeshapiga lipu ya saruji mara tatu, mara ya mwisho kwa dawa ya kuzuia maji, nayo inabanduka vipande vipande. Fundi anataka kuongeza saruji. Je, tumruhusu? (Msimamizi wa jengo, Unguja)

Hapana. Saruji ndiyo inayofanya unyevu upande. Ukuta wa matumbawe uliojengwa kwa chokaa na udongo hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia uso wake. Ukiufunika kwa saruji, maji hayaachi kuja. Hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, yakibeba chumvi. Chumvi ya kawaida huyeyuka hewa inapokuwa na unyevu wa asilimia 75 na zaidi, na huganda kuwa fuwele unyevu unaposhuka chini ya hapo. Hewa ya pwani huvuka kiwango hicho kwenda na kurudi karibu kila siku, na kila fuwele zinapoganda nyuma ya lipu huisukuma. Kwa hiyo lipu ngumu zaidi itang'oka na ngozi ya jiwe pamoja nayo.

Anzeni nje. Mitaa ya mji imepandishwa mara nyingi kwa tabaka za zege na lami, na mara nyingi udongo wa nje umekuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Ushusheni hadi uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu, kisha rekebisheni milizamu na mabomba ya mvua. Mkishindwa kushusha barabara, chimbeni mfereji mwembamba wa kokoto kandokando ya ukuta, wenye mteremko na mahali pa kutolea maji.

Ndani, ondoeni saruji yote hadi sentimita 50 juu ya alama ya unyevu. Tumieni tindo na nyundo ndogo, si mashine, kwa sababu mtikisiko wa mashine hulegeza kiini cha ukuta. Chokoeni viungo kwa kina cha sentimita 2. Chumvi ifagiliwe ikiwa kavu, ikusanywe na kutolewa nje ya jengo. Kuiosha kwa maji ni kuirudisha ndani. Halafu acheni ukuta uchi. Mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, yaani ukuta wa sentimita 60 unaweza kuchukua miaka miwili ukikauka upande mmoja, na nusu ya muda huo ukiachwa wazi pande zote mbili. Tunajua wenye biashara hawapendi kusikia hili. Angalau acheni msimu mzima wa kaskazi upite.

Lipu ya kwanza baada ya hapo iwe ya chokaa tupu na mchanga, 1 kwa 3, na muihesabu kuwa ya kutupwa: kazi yake ni kuvuta chumvi iliyobaki. Ikianza kuchakaa baada ya miaka michache, imefanya kazi yake. Ibandueni, mpige nyingine.

Dari za ghorofa ya kwanza zimelegea chini ya mabafu. Mkandarasi anashauri tuvunje sakafu zote za boriti na kumwaga zege la nondo. Mnasemaje? (Wasomaji watatu, Unguja na Bagamoyo)

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu letu ni kwamba mabafu yaanze kuhama kabla boriti hazijaguswa.

Sakafu ya asili ni boriti za unene wa sentimita 11 hadi 13 zilizopangwa kwa nafasi za sentimita 25 au 30, juu yake mawe bapa, halafu zege la chokaa. Zege hilo likiwa na kina cha sentimita 25 lina uzito wa kilo 450 hivi kwa kila mita ya mraba. Boriti nzima huubeba kwa zaidi ya miaka mia bila shida. Nyumba ilipogeuzwa hoteli, kila mgeni alitaka bafu lake, na bafu likawekwa kandokando ya ukuta, yaani juu kabisa ya vichwa vya boriti. Mabomba yalizikwa sakafuni. Unganisho moja likivuja, zege la chokaa hunyonya maji kwa miezi mingi kabla doa halijaonekana chini. Doa likionekana, kichwa cha boriti kilichomo ukutani kimeshaoza, na mchwa wameshafika.

Kagueni kila boriti pale inapoingia ukutani. Ipigeni kwa nyundo ndogo. Nzima hulia, iliyooza huitika kwa sauti butu. Yenye shaka itobolewe kwa kekee ya milimita 6, mshazari kuelekea ndani ya ukuta. Unga wa mbao ukitoka mkavu na mwepesi wa rangi, nzuri. Ukitoka mweusi na wenye maji, au kekee ikizama bila kushikwa kwa zaidi ya theluthi ya unene, boriti hiyo imekwisha.

Kubadilisha kunaanza kwa kufunga maji. Kisha tegemezeni kwa jeki za chuma au mirunda kila mita moja na nusu, na ubao mnene juu na chini. Kosa linaloangusha sakafu ni kuishia ghorofa ya chini yake tu: miimo hiyo ya kutegemezea lazima ishuke mstari mmoja hadi ardhini, la sivyo mnahamishia mzigo kwenye sakafu nyingine iliyochoka. Badilisheni boriti moja, rukeni mbili, muendelee. Tundu la upande mmoja lichimbwe kwa kina maradufu ili boriti mpya iingie kwa mshazari, kisha irudishwe kwenye tundu la pili. Kila kichwa kilale angalau sentimita 20 juu ya jiwe bapa, kipakwe dawa ya boroni, na kiachiwe sentimita 2 za hewa pembeni. Msikizungushie saruji, kwa maana itakiozesha upya. Nafasi iliyobaki juu ya boriti ijazwe vigae bapa na chokaa kwa kubana kabisa. Miimo isitolewe kabla ya wiki mbili. Boriti za kununua ziwe za kibali, kwani misitu ya mikoko ni hifadhi.

Kama vichwa vingi vimeoza lakini katikati boriti ni nzima, kuna njia tunayoipenda zaidi. Wekeni mhimili wa mvule chini yake, sambamba na ukuta, uliobebwa na mabano ya chuma kisichoshika kutu. Boriti za zamani zinabaki, ukuta hautobolewi, na kazi inaonekana wazi kwa fundi atakayekuja baada yenu.

Kuhusu zege la nondo, uzito si hoja: unene wa sentimita 15 ni kama kilo 375 kwa mita ya mraba, pungufu ya sakafu ya asili. Hoja ni kwamba ili likae, mkandarasi atakata mfereji wa mlalo katika ukuta wote wa matumbawe, na ukuta uliokatwa hivyo hugawanyika vipande viwili. Tena nondo zitalala ndani ya ukuta wenye chumvi.

Mabafu mapya yapangwe moja juu ya jingine katika safu moja, si kila chumba kivyake. Sakafu yake iwe na tabaka la kuzuia maji linalopanda ukutani sentimita 15, na kwenye manyunyu hadi mita 2. Mteremko ni sentimita 2 kwa kila mita. Mabomba yapite wazi. Kabla ya kuweka vigae, zibeni tundu la kutolea maji, jazeni maji ya kina cha sentimita 3 na mngoje saa 24 huku mtu akiangalia dari ya chini. Mkipoteza vyumba viwili au vitatu vya kukodisha kwa mpangilio huu, vipotezeni.

Chokaa: tununue kiasi gani kwa kuta za mita za mraba 100, na je, tuongeze saruji kidogo ili ishike haraka? (Mwashi, Tanga)

Lipu ya tabaka tatu yenye unene wa sentimita 2.5 hivi kwa eneo hilo ni mita za ujazo 2.5. Kuta za mawe zina mabonde, na kuna inayoanguka, kwa hiyo kadiria 3. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 3 utahitaji mchanga mita za ujazo 3 na rojo la chokaa mita 1. Rojo huingia katika nafasi za mchanga, ndiyo maana jumla haiwi 4. Mita moja ya rojo hutokana na kilo 550 hivi za chokaa safi iliyochomwa, na zaidi kama tanuu halikuivisha vizuri.

Wakati wa kuzima, chokaa itiwe kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya chokaa itaruka, nayo huchemka na kupofua. Miwani na glavu ni lazima, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Chuja kwa wavu wa milimita 3, hifadhi shimoni chini ya sentimita 5 za maji kwa miezi 3 au zaidi. Punje zisizozimika zikibaki, zitazimikia ukutani na kuacha vishimo. Ukilazimika kutumia ya mfuko, iloweke siku moja kabla, na uikatae iliyokaa ghalani muda mrefu, kwa kuwa imeshageuka chaki.

Mchanga uwe wa mto au machimbo, wenye punje kali. Wa bahari usiutumie kamwe.

Saruji kidogo ni mbaya kuliko kukosa kabisa: haitoshi kuimarisha, ila inatosha kuziba vitundu vya kupumulia, na hujitenga na chokaa wakati wa kukauka. Ukitaka nguvu zaidi, tia unga wa matofali au vigae vilivyochomwa kwa moto mdogo, sehemu moja kwa kila kumi za mchanganyiko.

Tabaka la kwanza na la pili milimita 10 kila moja, la mwisho la niru (chokaa laini ya kumalizia) milimita 3. Subiri wiki moja hadi mbili kati yao, mpaka ukucha usiweze kuacha alama. Lowesha kwa mnyunyizo mara mbili au tatu kwa siku kwa wiki nzima, na tundika magunia yenye maji mbele ya ukuta unaopigwa jua. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevu. Ikikauka siku ya kwanza itabaki unga daima. Kwa sababu hiyo kipupwe ndicho kipindi chake.

Ukuta wetu wa mbele umetoka nje sentimita 4 kwenye kimo cha mita 4, na una ufa. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib ianguke tarehe 25 Desemba 2020 hatulali. Tuubomoe? (Mwenye jengo, Unguja)

Hofu yenu ina msingi, kwani jumba lile la Sultani Barghash la mwaka 1883 lilionyesha kwamba ukubwa haulindi ukuta. Lakini msibomoe kabla ya kujua kama ukuta bado unatembea.

Pigeni timazi katika sehemu tatu kila ghorofa na mwandike. Kwenye ufa, bandikeni vipande vya kioo kwa plasta ya jasi, kila kimoja na tarehe yake. Kikivunjika, kuna mwendo. Pimeni upana kila wiki kwa mwezi mmoja, kisha kila mwezi kupitia masika na vuli. Ufa ukipanuka milimita moja ndani ya wiki, vumbi likidondoka bila sababu, au milango ikianza kukwama ghafla, toeni watu siku hiyo hiyo na muite mhandisi.

Kwa kawaida ukuta hutoka nje kwa sababu ni ngozi mbili za mawe zenye kifusi katikati. Maji ya mlizamu uliovunjika huosha udongo wa kiini, kifusi hushuka na kusukuma ngozi ya nje. Sababu ya pili ni boriti zilizooza: hazifungi tena ukuta wa mbele na wa nyuma. Mzigo wa paa nao uchunguzwe, hasa pale sakafu ya juu ilipotiwa tabaka baada ya tabaka kuzuia uvujaji.

Ukuta uliotulia hujazwa. Toboeni matundu ya milimita 25 kwa nafasi za sentimita 50, kwa kupishana. Osheni kwa maji kidogo, mkianzia juu. Mimineni mchanganyiko mwepesi wa chokaa inayoganda majini, kwa mpira ulioinuliwa mita moja hadi moja na nusu tu, mkianzia chini. Pampu ya nguvu itang'oa ngozi mliyotaka kuiokoa. Msizidi kimo cha sentimita 50 kwa siku. Baada ya mwezi, fungeni ukuta na mwenzake kwa fito za chuma kisichoshika kutu, milimita 16 hadi 20, zenye sahani nje, kwenye usawa wa sakafu. Vipimo vyake viamuliwe na mhandisi.

Ukumbi wa chakula una mihimili ya chuma iliyopasua zege. Tupake rangi? (Bagamoyo)

Rangi juu ya kutu haina faida. Kutu huchukua nafasi hadi mara sita ya chuma kilichokuwapo, ndiyo maana zege limepasuka. Tegemezeni, ondoeni zege lililolegea mpaka muone chuma safi, mkisugue hadi king'ae, kisha mpime unene uliobaki kwa kipimo cha kalipa katika sehemu kadhaa. Mhandisi akiona kinatosha, pakeni rangi ya zinki siku hiyo hiyo, kabla hewa ya bahari haijakigusa usiku mmoja. Kisipotosha, mhimili wa pili uwekwe ubavuni.

Roshani yetu ya mbao imeoza miguuni. Na nje tupake rangi gani? (Pemba)

Kateni palipooza tu, muunge mbao ya jamii ileile, msaji kwa msaji, kwa kiungo cha mshazari chenye urefu wa mara tatu au nne ya unene wa mbao. Skrubu ziwe za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Anayetaka kuona ufundi wa mbao uliohifadhiwa vizuri aangalie Zahanati ya Kale pale Mizingani, Malindi, iliyoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887, ikamalizika 1894, na kukarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni.

Kuta zipakwe chokaa: rojo sehemu 1, maji 2 hadi 3, iwe nyepesi kama maziwa, mipako minne au mitano, siku moja moja, juu ya ukuta uliolowa. Rangi za plastiki hufanya kosa lilelile la saruji.

Tuko Mji wa Kale, Mombasa. Tunataka viyoyozi na matangi ya maji juu ya paa. Kuna kizuizi? (Mombasa)

Kibali kwanza: eneo lenu ni la hifadhi, na michoro hupitia ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa Unguja ni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, mji ambao UNESCO iliuandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Pelekeni michoro kabla ya kuagiza vifaa.

Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja. Liwekeni chini uani, na juu muwe na dogo la lita 200 juu ya makutano ya kuta nene, si katikati ya chumba; pampu ifanye yaliyobaki. Kiyoyozi kimoja cha chumba kinaweza kutoa lita 10 na zaidi za maji kwa siku katika hewa ya pwani. Vyumba 20 ni lita 200, na mara nyingi tunaona mpira wake umekatwa ukining'inia ukutani. Kila mpira uingie kwenye bomba moja la wima lenye upana wa milimita 32, lililofungwa nje ya lipu kwa mabano na kushuka hadi kwenye mfereji. Vifaa vya nje visifungwe kwenye ngozi ya ukuta wa matumbawe kwa skrubu za kupanuka, kwa maana mtikisiko huzilegeza. Viketi sakafuni uani au kwenye fremu yenye miguu yake.